Shangazi na nusukaputi

Mitihani iko mlangoni, ila leo naandika kuhusu shangazi yangu. Ana saratani ya titi na upasuaji ni mwezi ujao. Juzi kanipigia simu: "Mwanangu, wewe si unasoma udaktari? Wanasema nusukaputi inarudisha saratani. Kama ni kweli, mimi siendi."

Jamani, hayo maneno yana chanzo. Wakati wa upasuaji chembe za saratani zinaweza kuchomoka na kuingia kwenye damu, na kinga ya mwili nayo hushuka. Maabara zilionyesha kwamba gesi za usingizi na dawa za jamii ya mofini huenda zinaishusha zaidi. Mwaka 2006 ukatoka utafiti uliopekua mafaili ya wagonjwa 129 wa saratani ya titi: waliochomwa pia ganzi pembeni mwa uti wa mgongo, ugonjwa uliwarudia wachache zaidi. Watu wakachangamka!

Lakini mafaili hayasemi nani alikuwa na hali nzuri tangu mwanzo. Ikabidi watu wagawanywe kwa bahati nasibu. Majibu yalitoka 2019: wanawake 2,108, hospitali 13, nchi nane. Kundi moja ganzi na propofol, jingine gesi ya sevoflurane na dawa za jamii ya mofini. Ugonjwa ulirudi kwa kama asilimia 10 kila upande. Yaani sare. Hata maumivu ya miezi baadaye, sare.

Kilichonishangaza mimi ni India, 2023. Wanawake wapatao 1,600, nusu yao walichomwa lignokeini kuzunguka uvimbe dakika chache kabla ya kukatwa. Baada ya miaka mitano, walio hai walikuwa asilimia 90 dhidi ya 86. Dawa ya bei ya soda! Ila ni utafiti mmoja, wengine waurudie kwanza.

Basi nikamwambia: shangazi, nenda. Uvimbe ukiachwa ndio unaua, si usingizi. Mtu wa usingizi mweleze presha yako, na kama huwa unatapika ukizinduka, kwa sababu propofol hupunguza kichefuchefu, na ganzi nzuri hupunguza maumivu ya siku ya kwanza. Hapo ndipo uchaguzi wa dawa unapokusaidia kweli.

Kanyamaza, halafu kauliza aje na khanga ngapi wodini. Nikajua anakwenda.

Haya, narudi kwenye famakolojia. Mwenye mama au shangazi mwenye hofu hiyo, amfikishie.