Twende Biharamulo na Ngara Tukawapongeze Walimu na Wanafunzi

Ndugu msomaji, umewahi kwenda kwenye sherehe ya shule? Mgeni wa heshima hukaa mbele. Wanafunzi huimba na kucheza ngoma. Kisha majina husomwa. Aliyeshika nafasi ya kwanza hupewa daftari, kalamu na cheti. Kina mama hupiga vigelegele. Halafu watu hula na kurudi nyumbani.

Sherehe hizo ni nzuri. Lakini leo tuna swali moja. Je, tumewapongeza wote wanaostahili? Ili tupate jibu, tusafiri pamoja katika wilaya mbili za mkoa wa Kagera. Wilaya hizo ni Biharamulo na Ngara. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila wilaya. Njiani tutawakumbuka watu waliofanya kazi ya elimu huko. Mwisho wa safari, wewe mwenyewe utasema tuzo ni ya nani.

BOMA NA UBAO

Tuanze Biharamulo mjini. Hapa kuna boma la zamani. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1900, walipoitawala nchi yetu. Baadaye lilifanywa nyumba ya kulala wageni. Simama mbele ya boma hili ufikiri kidogo. Wakoloni walijenga kuta nene, lakini shule walizojenga zilikuwa chache. Mwaka 1967, miaka sita baada ya Uhuru, watu wazima 67 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika.

Sasa sikia jinsi kazi ilivyofanyika. Wakati huo mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, Serikali na UNESCO waliendesha mpango wa majaribio ya kisomo katika mikoa ya Ziwa. Makao ya mpango huo yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilifundisha kusoma pamoja na kazi. Vilihusu pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe na mambo ya nyumbani. Mkulima alijifunza herufi, na papo hapo akajifunza kupanda mgomba vizuri.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Rais Julius Nyerere ndiye aliyeutangaza. Madarasa yalifunguliwa kila mahali palipokuwa na kivuli. Watu walisoma shuleni, chini ya miti, makanisani na misikitini. Walikwenda mchana, baada ya kazi za shamba. Wengi wao walikuwa kina mama. Mama alishika kalamu huku mtoto yuko mgongoni.

Nani aliwafundisha? Walimu wa shule walifundisha watoto asubuhi, kisha mchana wakafundisha wazazi wa watoto hao. Vijana waliomaliza darasa la saba nao walijitolea. Walipewa shilingi 30 tu kwa mwezi kuwa asante.

Mwezi Agosti 1975 mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo ulifanyika. Watu wazima zaidi ya milioni tatu waliufanya. Mtihani ulikuwa na hatua nne. Aliyefaulu hatua ya tatu alihesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Aliyefaulu hatua ya nne aliweza kusoma gazeti na kuweka hesabu zake mwenyewe. Mzee aliyekuwa akitia dole gumba kwenye wino sasa aliandika jina lake. Mwaka 1986 Serikali ilitangaza kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya watu 10 katika kila 100.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ushindi huo haukulindwa vya kutosha. Katika miaka ya 1980 uchumi wa nchi ulikuwa mgumu. Vitabu na magazeti yalipungua vijijini. Madarasa mengi ya watu wazima yalifungwa. Watoto wengine hawakwenda shule, na wengine waliacha kabla ya kumaliza. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 20 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 au zaidi hawakujua kusoma. Hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja. Hata hivyo, zinatufundisha jambo. Shamba la migomba lisipopaliliwa huwa pori, na elimu nayo ni vivyo hivyo.

WALIOCHEKWA NA WALIOSIFIWA

Kabla hatujaondoka Biharamulo, tuwakumbuke watu wa namna mbili.

Wa kwanza ni walimu wa UPE. Mwezi Novemba 1974, mkutano wa TANU huko Musoma uliamua kwamba kila mtoto aende shule upesi. Watoto walikuwa wengi, walimu walikuwa wachache. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa wawe walimu. Walisomea ualimu kwa miaka mitatu huku wakifundisha. Walijifunza kwa barua, kwa redio na katika semina. Watu wengine waliwacheka. Jina la "mwalimu wa UPE" likawa la dharau. Lakini jiulize, ndugu msomaji: bila wao, nani angesimama mbele ya madarasa yale? Wazazi wengi wa leo walionyeshwa herufi ya kwanza na mwalimu wa UPE.

Wa pili ni mtu aliyesifiwa sana. John Pombe Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959. Wakati huo Chato ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo. Leo Chato ni wilaya, nayo imo katika mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Magufuli alisoma Shule ya Msingi Chato, kisha Seminari ya Katoke, Biharamulo. Alisomea ualimu, akafundisha hisabati na kemia katika Sekondari ya Sengerema. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa Rais, na alifariki tarehe 17 Machi 2021. Watu wote wanalijua jina lake. Lakini mwalimu aliyemshika mkono akaandika "a" ya kwanza, ni wangapi wanaomjua?

KUPITA PORINI

Sasa tupande basi twende Ngara. Tunapita Lusahunga, kisha tunashika barabara ya Rusumo. Kutoka Lusahunga mpaka Rusumo ni kilomita 92. Tunapita Nyakahura, na mbele yetu kuna pori refu. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Njia hii ilikuwa na hatari. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 1994 majambazi walivizia magari humu. Mabasi yalikwenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye bunduki. Mwalimu aliyepangiwa kazi Ngara alipita njia hiyohiyo, na mshahara wake ulipita huko pia. Aliyefika akakaa, akafundisha mwaka mmoja, miwili, kumi, alifanya jambo kubwa. Hakuna mtihani wa kupima jambo hilo, na jina lake halisomwi kwenye sherehe.

SHULE NDANI YA SANDUKU

Tumefika Benaco, katika kijiji cha Kasulo. Jina la Benaco limetokana na kampuni iliyojenga barabara. Lakini dunia nzima ililijua kwa sababu nyingine.

Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 250,000 walivuka kwa saa 24. Fikiri, msomaji: mji mkubwa ulizaliwa kwa usiku mmoja, bila nyumba, bila maji ya kutosha, bila choo. Wenyeji wa Ngara waliona miti yao ikikatwa na mashamba yao yakikanyagwa. Hata hivyo waliwapokea wageni.

Katika umati huo kulikuwa na maelfu ya watoto. Shule itoke wapi? UNICEF na UNESCO walileta sanduku la mwalimu. Ndani yake mlikuwa na chaki, vibao, penseli, madaftari na rangi ya kutengenezea ubao. Mlikuwa pia na vitambaa vilivyochapwa herufi na namba. Sanduku moja lilitosha mwalimu mmoja na watoto wapatao 80. Watoto 40 walisoma asubuhi, na 40 wengine walisoma mchana.

Walimu walitafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Nao walikuwa wamepoteza nyumba, na wengine walipoteza ndugu. Lakini walisimama wakaandika ubaoni. Watoto waliona mauaji, kisha wakakaa chini na kuhesabu moja, mbili, tatu. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudi kwao mwezi Desemba 1996. Walirudi na watoto ambao hawakuwa wamesahau kusoma.

Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera hapa Ngara. Neno "kwizera" maana yake ni tumaini. Wakimbizi na wenyeji walisikiliza vipindi vyake pamoja.

LUGHA YA TATU

Tupande sasa kwenda Ngara mjini. Nchi hii ni ya milima. Utaona migomba, kahawa na maharage. Upande mmoja ni Rwanda, upande mwingine ni Burundi. Nyumbani mtoto husema Kihangaza au Kishubi. Akienda shule ya msingi hujifunza kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukuta masomo kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Ngara anayefaulu kidato cha nne amepanda vilima vya lugha tatu. Usimlinganishe na mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu, ukasema huyu amepata alama 60 na yule 75. Tazama pia kila mmoja ameanzia wapi.

Serikali iliwahi kuonyesha njia hiyo. Mwaka 2014 ilifanya Wiki ya Elimu. Haikuzipa tuzo shule zilizoongoza peke yake. Ilizipa tuzo pia shule zilizopanda kuliko mwaka uliotangulia. Jambo hilo ni zuri, nasi tunaweza kulifanya kijijini kwetu bila kungoja barua kutoka juu.

Tumalizie safari Rusumo. Hapa mto Ruvubu umekutana na mto Kagera, na maji yanaporomoka kwa kishindo. Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga hapa mitambo ya umeme ya megawati 80. Umeme huo hugawanywa sawa kwa nchi tatu. Mitambo kama hiyo inataka mafundi waliosoma hesabu. Je, mafundi wa kesho watatoka Ngara na Biharamulo, au watatoka mbali? Jibu liko katika madarasa ya leo.

TUZO NI YA NANI?

Ndugu msomaji, safari imekwisha. Sasa tulijibu swali letu.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo tusisifu ovyo. Tusifu kazi iliyofanyika, na tuitaje kwa jina. Siku ya sherehe ya shule yako, mwombe mwalimu mkuu aongeze majina haya:

Mtoto aliyehudhuria siku zote, masika na kiangazi, ingawa nyumba yao iko mbali.

Mwanafunzi aliyekuwa wa 50 akawa wa 30.

Mwalimu aliyekaa shuleni hapo miaka mingi, na mpishi anayewapikia watoto uji.

Mzazi aliyeuza ndizi akanunua sare. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Lakini sare na madaftari bado vinataka fedha.

Msichana aliyepata mtoto, kisha akarudi darasani. Tangu mwezi Novemba 2021 Serikali inamruhusu kurudi katika shule ya kawaida. Wengine watamnong'ona. Wewe mpigie makofi.

Msiwe na haraka ya kutafuta zawadi kubwa. Kalamu moja na maneno mazuri mbele ya kijiji yanatosha. Mtu aliyesifiwa kwa kazi yake hupata nguvu ya kuendelea. Na kuendelea ndiko kulikokosekana baada ya mwaka 1986.

Mwisho tukukumbushe jina moja zaidi. Ni jina lako. Kama ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima, na leo umesoma ukurasa huu mpaka hapa, umo katika orodha ya wanaostahili pongezi. Sasa mtafute jirani asiyejua kusoma. Msomee habari hii leo jioni. Kesho mwonyeshe herufi za jina lake.