Nukta pembeni mwa karatasi

Mzazi mwenzangu, kabla hujatupa karatasi ya mwanao iliyojaa mistari, nikusimulie habari za mchoraji Paul Klee.

Klee alizaliwa Uswisi mwaka 1879. Mwanawe Felix alipozaliwa mwaka 1907, familia iliishi Munich, Ujerumani. Mkewe Lily alifundisha piano ili kuleta riziki. Klee akabaki nyumbani akipika, akilea mtoto na kuchora. Mwaka 1911 alianza kuorodhesha kazi zake, na humo akaingiza michoro aliyoichora akiwa mtoto mdogo.

Baadaye picha zake nyingi zilijengwa kwa alama chache: mshale, duara, mstari. Mwaka 1935 alianza kuugua maradhi yanayokakamaza ngozi, na mistari yake ikazidi kuwa minene na sahili. Hata hivyo, mwaka 1939, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alifanya kazi zaidi ya 1,200. Alama chache zilimtosha kusema mengi.

Hata mtoto zinamtosha. Binti yangu ana miaka mitano. Baba yake alipohamishiwa kikazi mkoa mwingine, hakulia wala hakuuliza. Tukadhani amezoea. Siku moja shuleni waliambiwa wachore familia zao. Yeye akachora vijiti viwili vimesimama pamoja, akaacha pengo, akachora kijiti cha tatu. Mbali kabisa, pembeni mwa karatasi, akaweka nukta moja. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Haijakamilika."

Sikumuuliza, "Hiki nini?" Nilimwambia tu, "Nisimulie picha yako."

"Hapa ni wewe na kaka, huyu mimi," akasema. Kisha akaigusa nukta. "Huyu baba. Yuko mbali, ndiyo maana mdogo."

"Na hapa katikati?"

"Pake. Akirudi atasimama hapa."

Jioni ile nilimtumia baba yake picha hiyo kwa simu. Akapiga, wakaongea muda mrefu, na binti akalia kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

Kwa hiyo, mwanao akikuletea mchoro, usikimbilie kuusahihisha. Mwache akusimulie, kisha andika nyuma ya karatasi tarehe na maneno yake mwenyewe. Angalia pia alipoacha wazi. Huenda pale ndipo alipoweka lile asiloweza kulisema.