Kanda ya Deer Creek

Wapenzi wa taarabu wa visiwani hawahitaji kuelezwa kwamba msikilizaji naye ni sehemu ya muziki. Anayeinuka kitini akaenda kumtunza mwimbaji, anayetikisa kichwa pale fidla inapomgusa, anayeomba ubeti urudiwe, wote hao wana mkono wao katika kile kinachoimbwa. Lakini yuko msikilizaji wa namna nyingine, ambaye usiku mmoja haumtoshi. Wanamuziki wakifunga vyombo vyao naye hufunga mzigo wake, akawafuata mji hata mji, na kila jioni akasimama tena mbele ya jukwaa kana kwamba jana hakusikia kitu.

Msikilizaji wa aina hiyo alikuwa mwanamke mmoja wa Ohio, Marekani, mshonaji wa mapazia. Alianza kuifuata bendi ya Grateful Dead mwezi Julai 1989, pale Alpine Valley katika jimbo la Wisconsin, akiwa na miaka 24, na hakuacha mpaka bendi yenyewe ilipokwisha. Jina hilo likigeuzwa Kiswahili ni Maiti Wenye Shukrani. Asili yake ni kisa cha kale cha msafiri anayekuta maiti wa mtu asiyemjua, amenyimwa kuzikwa kwa sababu ya madeni; msafiri hulipa deni kwa fedha yake ya mwisho, akaenda zake, na baadaye yule marehemu humrudia kwa wema. Ni jina lenye deni ndani yake, na deni hilo litarudi katika habari hii.

Bendi ilizaliwa Kalifonia mwaka 1965, na katika miaka 30 ilipiga maonyesho yapatayo 2,300. Aliyeulizwa kwa nini anawafuata alikuwa na jibu jepesi: hawakuwa na orodha ya nyimbo. Wimbo uliochukua dakika sita Pittsburgh ungeweza kuchukua dakika ishirini na tano juma lililofuata, au usisikike tena kwa miaka. Jerry Garcia, mpiga gita wao, aliyekatika kidole cha kati cha mkono wa kulia tangu utotoni, aliingia katika wimbo kama mtu anayeingia baharini bila kujua atatokea ufuko gani. Zilikuwapo nyusiku mbovu, na nyingi; nyimbo zilianguka, sauti zilipishana. Mshonaji wa Ohio alizivumilia kama mvuvi anavyoivumilia siku isiyo na samaki.

Tena mashairi yao yalistahili kufuatwa. Mengi yaliandikwa na Robert Hunter, ambaye hakupanda jukwaani pamoja nao, mshairi hasa, aliyewahi kuzitafsiri tenzi za Rilke za Duino kutoka Kijerumani. Hutokea mara chache kwa bendi ya roki kuwa na mshairi wake wa nyumbani, kama vile magwiji wa taarabu walivyokuwa na watunzi waliokaa kando ya ukumbi wakisikiliza maneno yao yakipewa roho na koo la mwingine.

Mwezi Septemba 1978 bendi hiyo ilikwenda Misri, nchi ambayo taarabu ya Unguja ilichota kwayo udi na kanuni, ikapiga siku tatu chini ya piramidi za Giza. Pamoja nao alikuwapo Hamza El Din, Mnubi, bingwa wa udi na tari. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa. Yule mwanamke hakuwako, alikuwa bado msichana wa shule. Aliusikia usiku huo kwenye kanda, makofi ya Wanubi yakianza polepole na gita likiyanyatia, na akasema kwamba hapo ndipo alipoelewa kuwa muziki huu haukuwa wa Kalifonia peke yake.

Kanda hizo zina sheria zake. Tangu mwezi Oktoba 1984 bendi iliwatengea wenye vinasa sauti mahali pao ndani ya kumbi, waje na maikrofoni zao ndefu warekodi watakavyo, kwa sharti moja: kanda isiuzwe. Zilibadilishwa kanda kwa kanda, au mtu alituma kanda tupu na stempu za kurudishia, na asiyemjua alimrekodia. Yeye alikuwa nazo mia mbili na zaidi ndani ya maboksi ya viatu, kila moja imeandikwa tarehe na mji kwa mwandiko wa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Tiketi nazo ziliagizwa kwa posta, na wafuasi, walioitwa Deadheads, walizipamba bahasha kwa rangi ili ziwavutie wafunguaji. Yeye alichora mawaridi. Bahasha nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Kalifonia, Santa Cruz, pamoja na kumbukumbu nyingine za bendi.

Kufuata kunahitaji petroli. Kwa hiyo nje ya kila uwanja, mahali pa kuegeshea magari, lilifanyika soko: fulana za rangi, shanga, supu, na mambo mengine yasiyofaa kutajwa. Yeye aliwasha jiko dogo la gesi akaoka slesi za boflo zenye jibini katikati, akauza kwa dola moja. Alipata mafuta ya kufikia mji unaofuata na akabakiwa na chenji. Wasio na tiketi walipita kidole kimoja kimeinuliwa juu, ishara ya kuomba mtu awape tiketi ya bure, na wengine walipewa. Pale sokoni hapakuwa na njaa. Aliyekosa dola alikula vilevile.

Tatizo ni kwamba watu walizidi. Mwaka 1986 Garcia alipoteza fahamu kwa ugonjwa wa kisukari, akaamka, akalazimika kujifunza upya gita lake. Mwaka uliofuata wimbo wao mmoja ukaingia katika kumi bora za Marekani, jambo lisilowahi kuwatokea, na makundi ya vijana yakamiminika. Wengi hawakujia muziki. Walijia maegesho.

Tarehe 2 Julai 1995 bendi ilifika Deer Creek, uwanja wa wazi ulioko Noblesville, karibu na Indianapolis. Ziara hiyo ilikuwa na nuksi tangu mwanzo: huko Vermont wasio na tiketi waliangusha uzio, na mjini Washington radi iliwapiga mashabiki. Sasa palikuwa na kitisho kwamba mtu angemuua Garcia, na taa za uwanja ziliachwa zikiwaka wakati wa onyesho. Adhuhuri kijana mmoja alinunua mkate, akasema hana tiketi wala hana haja ya kuitafuta. Mshonaji alicheka, akampa mkate wa pili bure.

Jioni, naye akiwa ndani juu ya majani ya mteremko, uzio wa mbao nyuma yake ulianza kutikisika. Watu waliupanda, wakaning'inia, wakaruka; mbao zikang'oka, wakaingia kwa mamia, polisi wakiwakimbiza kwa mbwa na moshi wa kutoa machozi. Walioketi ndani walishangilia. Naye alishangilia. Hakufikiri, sauti ilimtoka kama inavyomtoka mtu mpira ukigonga nyavu. Alipogeuka kulitazama jukwaa, aliona wanamuziki wakitazama kulekule alikokuwa akitazama yeye, na Garcia ameinamisha kichwa juu ya gita lake.

Onyesho la siku ya pili lilifutwa. Siku chache baadaye, karibu na St. Louis, wafuasi waligawiwa barua ya wanamuziki. Ilikuwa barua ya watu waliochoka. Asiye na tiketi asije. Tena asiuze mtu kitu nje, kwa kuwa biashara ndiyo inayowavuta wasio na tiketi. Na wavunja uzio wakiendelea, ziara zitakoma. Aliisoma amekaa juu ya boneti ya gari, jiko likiwa miguuni. Hoja ya kwanza haikumhusu. Ya pili aliirudia mara tatu, akalitia jiko ndani ya buti.

Hakuliwasha tena. Mjini Chicago, kando ya Ziwa Michigan, tarehe 8 na 9 Julai, alikula biskuti. Garcia alikuwa na miaka 52 na alionekana wa 70. Ndevu nyeupe, mkono mzito, maneno yakimpotea ilhali yameandikwa mbele yake. Wimbo wa mwisho aliuimba Phil Lesh, mpiga gita la besi, wimbo aliokuwa ameutunga baba yake akiwa kitandani anakufa, na Hunter akautilia maneno. Kisha fataki. Watu walikwenda magarini wakiulizana juu ya ziara ijayo.

Tarehe 9 Agosti Garcia alifariki kwa moyo, katika nyumba ya matibabu alimokwenda kujaribu kuacha dawa za kulevya. Alikuwa ametimiza miaka 53 siku nane kabla. Baada ya hapo yalisemwa mengi: kwamba wafanyakazi wengi na familia zao walikula kwa ziara zile, na kwamba palikuwa vigumu mno kwake kusema basi. Mwanamke wa Ohio alisikia hayo akayaongeza na yake. Wenye mishahara walihesabika. Wafuasi hawakuhesabika, nao pia walikula, na kila usiku walimwitikia mtu mgonjwa kwa makofi ambayo hayakumwachia nafasi ya kukaa kitako. Katika kile kisa cha kale msafiri hulipa deni la maiti. Hapa, kwa maneno yake mwenyewe, maiti alikuwa akilipa la wasafiri.

Waliobaki waliliacha jina la bendi Desemba 1995. Mwaka 2015 wakakutana Chicago kwa siku tatu, kuadhimisha miaka 50, na tiketi za posta zikarudi. Alichora mawaridi tena, kwa mkono uliozoea sindano zaidi kuliko rangi. Maombi yalizidi nafasi mara nyingi, na fedha yake ikarudishwa kama za wengine. Hakusikitika sana. Lesh naye alifariki mwezi Oktoba 2024.

Maboksi ya viatu bado yako chini ya cherehani. Kanda ya tarehe 2 Julai 1995 aliletewa na mtu wa Michigan, kwa kubadilishana, mwaka uleule. Si onyesho zuri, na wapo wenye kanda elfu wasioitaka. Yeye huipiga akishona, na umati unapopaza sauti husimamisha mashine, huinamia spika, akasikiliza. Sauti yake haitambui humo. Hurudisha kanda nyuma kidogo, akasikiliza tena.