Mabasi Mawili Yaliyokuja Vihingo

Baba yangu alipofariki mwaka 1984, mabasi mawili ya kiwanda nilichofanyia kazi yalikuja kwetu Vihingo. Yalitoka Dar es Salaam alfajiri, yakapanda mlima wa Pugu, yakapita Kisarawe mjini, kisha yakaingia kwenye njia ya vumbi. Waliteremka watu wa zamu zote tatu, wengine macho mekundu kwa kukesha kwenye mashine. Afisa utumishi alikuwepo, na mwenyekiti wa tawi la JUWATA, chama cha wafanyakazi. Walishusha magunia ya mchele, sanda, na bahasha ya kaki yenye rambirambi.

Mnyamwezi mmoja wa idara ya kusokota nyuzi akawapita wachimba kaburi, akaruka ndani, akajilaza chali. Akasema Mzaramo huyu hazikwi mpaka watani walipwe. Wazee wakapekua mifuko, wakatoa sarafu, naye akadai ziongezwe. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka. Kicheko kile ninakisikia hadi leo.

Kiwanda sikitaji jina. Kilikuwa cha nguo, mali ya umma kama vilivyokuwa vingi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Niliingia 1976 nikiwa na cheti cha darasa la saba. King'ora kikilia tuliingia, kikilia tena tulitoka, na katikati kulikuwa na kantini ambako fundi mkuu na mfagizi walipanga foleni moja kusubiri ugali na maharage. Ukikosa kazini siku mbili bila taarifa, mtu alitumwa kwako kuuliza una nini. Yalikuwepo mabaraza ya wafanyakazi, yaliyoanzishwa kwa waraka wa Rais mwaka 1970, na ingawa mara nyingi uongozi ulikuwa umeshaamua kabla hatujaketi, tuliketi, tukasema.

Vijana wanadhani natia chumvi ninapowaambia kwamba mashirika yalikuwa na bendi za muziki. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa na Bima Lee, na shirika la mabasi la UDA lilikuwa na UDA Jazz. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi chenyewe, ikabadili jina kila chama kilipobadili jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Wanamuziki wale waliajiriwa, wakalipwa mshahara wa mwezi, na magitaa yalikuwa mali ya mwajiri. Watu wa reli walikuwa na timu yao ya mpira kule Morogoro. Jumamosi ukienda dansini ulikwenda kusikiliza wafanyakazi wenzako.

Lakini nitakuwa nadanganya nikisema kila kitu kilikuwa kizuri. Miaka ya 80 fedha za kigeni zilikuwa haba, vipuri havikuja, na mashine moja ilifunguliwa ili nyingine mbili zitembee. Umeme ulikatika tukakaa bure zamu nzima na mshahara ukaingia vilevile. Wapo waliotoka getini na doti za khanga wamejizungushia tumboni chini ya shati. Niliwaona. Sikusema kitu, kwa sababu walikuwa wenzangu na mshahara ulikuwa hautoshi. Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa hapa shambani. Upendo ule ule ulioleta mabasi Vihingo ndio uliofunga mdomo wangu pale getini.

Miaka ya 90 ikaja Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na mashirika kama 400 yakawekwa kwenye kundi la kuuzwa, kukodishwa au kufungwa. Kwetu orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, Ijumaa, baada ya chakula. Jina langu lilikuwa ukurasa wa pili. Kupunguzwa kwenyewe nilikuwa nimeshakutarajia. Ambacho sikukitarajia ni kilichotokea pale ubaoni. Waliobaki walijitenga upande mmoja na sisi tuliopunguzwa upande wa pili, bila mtu kuamuru. Watu niliokula nao kwa karibu miaka 20 walinipita wakitazama chini, kana kwamba kupunguzwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Mashine ziliendelea kunguruma miaka kadhaa zaidi, lakini kwangu mimi kiwanda kilikufa Ijumaa ile. Kiinua mgongo kilininunulia bati za nyumba hii na miche ya mikorosho.

Binti yangu alipata kazi ya ofisini mjini, kampuni binafsi. Alikaa miaka sita. Asubuhi moja alinipigia simu.

“Shikamoo baba. Nimeondolewa.”

“Marahaba mwanangu. Umeondolewa wapi?”

“Kwenye kundi.”

Sikuelewa. Alinieleza kwamba usiku, akiwa amelala, jina lake na majina ya wengine kumi na mmoja yalitolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Barua ilifika kwa baruapepe siku mbili baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane na wafanyakazi kabla. Hakuna aliyewaita kuketi. Kiinua mgongo walipewa cha kiwango cha chini cha sheria, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka. Miaka sita, siku 42. Na hata angekaa miaka 25, sheria inaishia kuhesabu miaka 10.

Nikamuuliza kama waliobaki wamempigia. Akasema, “Wanaogopa, baba.” Sikuwa na cha kumjibu, maana nilikuwa naujua ubao ule.

Mwezi uliofuata mama yake alifariki. Nilikaa barazani nikitazama njia, na sitaficha, masikio yangu yalikuwa yakitafuta mngurumo wa basi. Mnamo saa nne zikaja bodaboda tatu zimejaa vumbi. Wasichana wawili na mvulana mmoja, wote miongoni mwa wale kumi na wawili walioondolewa. Walikuwa wamechangishana nauli. Wasichana waliingia ndani wakamkumbatia binti yangu, nikawasikia wakilia naye.

Yule kijana alibaki nje amesimama. Kisha akanijia, akainama.

“Shikamoo mzee. Mimi Msukuma. Nasikia Wazaramo ni watani zetu, na msibani mtani ana kazi yake. Lakini sijawahi kuona, sijui inafanywaje.”

Wachimba kaburi walikuwa hawajamaliza. Nikainuka, nikamshika mkono, nikampeleka kumwonyesha.