Kibarua cha Usafi: Kwa Saa au kwa Kazi?



Mwezi wa Shaaban ukishafika katikati, nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa huanza kunukia sabuni. Mapazia huteremshwa, mazulia huanikwa kwenye roshani, majungu yaliyolala tangu Idi hutolewa uvunguni, na kila mwenye nyumba huulizia ni nani atakayempatia mama wa kumsaidia usafi. Sisi nasi, ndugu watatu wa kike tunaoishi na mama yetu katika nyumba ya ghorofa mbili, tuliulizia mwaka uliopita. Jirani akatuletea mama mmoja wa makamo, mkaazi wa ng'ambo ya Likoni, ambaye mtaani anajulikana kwa uchapakazi. Tuliyomfanyia siku ile ndiyo tunayoyaeleza hapa, kwa ruhusa yake mwenyewe na bila ya kulitaja jina lake.

Tulikubaliana naye kwa simu. Aje Jumamosi saa mbili asubuhi, amalize saa sita kabla ya adhana ya adhuhuri, alipwe shilingi 600. Kazi tuliiita "kusafisha nyumba". Alipouliza nyumba ina ukubwa gani, tulimjibu kwa neno ambalo tangu siku ile tumelipiga marufuku kwetu: tulisema kazi yenyewe ni kidogo tu.

Alichelewa robo saa kwa msongamano wa feri. Hatukumwambia kitu, lakini tuliiweka moyoni. Akaanza na choo, kisha jiko, na haki ya Mungu alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Alisugua mpaka pembe ambazo sisi wenyewe hatukuwahi kuziinamia. Ila ilipotimia saa tano hakuwa ameigusa sebule, wala vyumba vinne vya kulala, wala ngazi, wala mapazia sita yaliyorundikwa kwenye karai, wala yale majungu mawili ya kupikia bokoboko yaliyoshika masizi ya mwaka mzima. Hapo ndipo tulipoanza kupita pita. Mmoja wetu akawa anaitaja saa kwa sauti kila anapovuka mlango. Mwingine akasema, "Dada, ukimaliza hapo tupigie deki na roshani kidogo." Neno lile tena.

Mama wa watu akaongeza mwendo. Alipanda juu ya kigoda kupangusa rafu ya sebuleni, huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani, na sahani ya kaure iliyokuwa imeegemezwa pale tangu enzi za bibi yetu ikaanguka ikavunjika vipande vitatu. Akaomba radhi. Saa saba kasorobo, akiwa hajamaliza hata nusu ya tuliyoyataka, tulimpa shilingi 400 na kumweleza kwamba 200 ni za sahani.

Hadithi ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka sote tuliihifadhi tangu chuoni. Siku ile tuliitimiza barabara, kwani tulimlipa angali analowa. Tulimlipa pungufu, basi. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la leso, akasema, "Haya, kwaherini," akashuka ngazi.

Mama yetu alikuwa chumbani na redio yake na hakusema neno hadi usiku. Tulipokwisha kula ndipo alipotuuliza, "Sahani ile ilikuwa ya mama yangu, si yenu. Nani aliyewaambia kwamba nimeiuza kwa mia mbili?" Kisha akatoa amri: kesho yake kazi iliyobaki tuifanye sisi, na saa ataishika yeye.

Tulianza Jumapili saa mbili kamili, watu watatu tunaoijua nyumba hii tangu kuzaliwa. Sebule pamoja na kukung'uta zulia ilichukua dakika 50. Vyumba vya kulala vilimaliza saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa usafi hata kidogo, bali kuokota nguo zetu, viatu vyetu na vitu vya kuchezea vya watoto wetu ili fagio lipate pa kupita. Kufua mapazia kwa mkono tuliacha mara mbili kupumzisha viganja. Lakini lililotufunga mdomo lilikuwa maji. Mfereji ulikuwa mkavu siku zote mbili, kama unavyokauka mara nyingi mtaani kwetu, na maji yalikuwa yakiletwa na mkokoteni mpaka mlangoni. Tulipandisha mitungi 12 ya lita 20, ngazi kwa ngazi. Jumamosi mitungi ile ilipandishwa na mtu mmoja, na hakuna aliyemhesabia wakati wala pumzi. Ilipoadhiniwa alasiri tulikuwa tumekaa sakafuni, mikono imetuvimba, na jungu moja lingali na masizi yake. Choo na jiko hatukuvigusa, maana vilikuwa vimekwisha kufanywa.

Jumatano iliyofuata tulikwenda kwenye darsa yetu ya wanawake, na tulipopata nafasi ya maswali tulimweleza ustadha kisa chote. Hatukuficha la sahani. Tulidhani atatuambia tuwe na huruma, nasi tulikuwa tayari kuukubali wasia huo kwa kichwa kilichoinama. Badala yake alituuliza swali la fiqhi: "Mlimwajiri kwa muda au kwa kazi?" Tukasema kwa vyote viwili, nyumba nzima kati ya saa mbili na saa sita. Akatabasamu, akasema kwamba basi mkataba wetu ulikuwa na kasoro tangu kwenye simu.

Akatufafanulia. Katika ijara, yaani kukodi manufaa ya mtu au kitu, ujira sharti ujulikane na manufaa sharti yajulikane. Manufaa hupimwa kwa moja ya njia mbili. Ama kwa muda, kama anayekodi nyumba mwaka mmoja. Ama kwa kazi, kama anayempa fundi kitambaa hiki amshonee nguo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameeleza ndani ya Minhaj kwamba mtu akiziunganisha njia hizo, akamwajiri fundi aishone nguo hii ndani ya mchana huu, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mkataba haukusihi. Sababu yake hata mtoto wa chuoni ataielewa. Huenda muda ukaisha na nguo haijesha, na hapo hakuna ajuaye ni kipi kilichonunuliwa: ni mchana wa fundi au ni nguo? Mwenye kitambaa atasema nguo, fundi atasema mchana, na kila mmoja atamwona mwenziwe dhalimu.

Tulitazamana. Ndivyo hasa ilivyokuwa kwetu: tulinunua saa zake nne, kisha tukamdai nyumba nzima. Hata muda wa swala, akaongeza ustadha, hautoki katika haki ya mwajiri, kwani mafaqihi wameutenga nje ya saa alizozikodi. Akatukumbusha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan katika Suratul Qasas. Masharti yao yalitajwa wazi: miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi hiyo ni hiari yake; na mzee akamhakikishia kwamba hakusudii kumtia mashakani. Mwajiri ndiye aliyetamka mpaka wa kazi kabla ya mwajiriwa kuuomba. Jambo hilo tumelisoma mara ngapi, na halikutupitia akilini tulipokuwa na simu mkononi.

Kuhusu sahani alikuwa mkali zaidi. Mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika mikononi mwake ila akivuka mipaka au akifanya uzembe, na mwenye kumharakisha mtu juu ya kigoda asimtafutie uzembe mbali. Mmoja wa kina dada pale darsani, anayefanya kazi katika ofisi ya mawakili, akatuambia kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo hairuhusu kumkata mfanyakazi mshahara kwa kitu kilichovunjika kwa bahati mbaya. Inaruhusu kiasi cha haki tu, tena kwa uharibifu uliotokana na kosa la kukusudia. Dada huyo huyo aliwageukia wenye wafanyakazi wa kudumu. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, siku moja ya mapumziko katika kila saba si fadhila, likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi, na agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa mjini Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Tunadhani si sisi peke yetu tuliokuwa tukipiga hesabu.

Basi tulikuwa na deni la shilingi 200, na Ramadhani ilikuwa imebakisha siku tatu. Simu yake haikupatikana. Tulitaka kumpa jirani pesa amfikishie, mama akakataa. Alisema waliomvunjia mtu heshima nyumbani kwao hawamtumi jirani kuirudisha. Akavaa buibui lake, akapanda tuktuk hadi kivukoni, na sisi wawili tukafuatana naye. Mwanamke wa miaka sabini na ushei, na magoti yake yale, alisimama kwenye feri pamoja na umati wa watu wa asubuhi. Hapo nasi tulipata kuiona ile robo saa tuliyoiweka moyoni.

Tulimkuta anafua uani kwake. Alitukaribisha kwenye mkeka, akatutilia chai. Mama akampa zile 200 na nyingine juu yake, akasema, "Mwanangu, wanangu wamekukosea, na mimi nilikuwa chumbani ninasikia nikanyamaza. Tusamehe." Alizipokea 200, nyingine akazirudisha. Alisema ameshasamehe, Ramadhani inaingia, hapendi kufunga na kinyongo. Mama akamuuliza kama atakubali kuja tena. Akafikiri, kisha akasema, "Bi mkubwa, nitakuja. Lakini maji yenu yako chini na nyumba yenu iko juu. Nani atapandisha?"

Tulicheka sote. Lakini lilikuwa swali la haki, na makubaliano yetu mapya yalianzia hapo hapo kwenye mkeka. Maji hupandishwa na vijana wetu wa kiume kila Ijumaa baada ya isha. Nguo na vitu vya watoto tunaviondoa sakafuni sisi kabla hajafika. Yeye huja Jumamosi kwa saa nne, kuanzia pale anapoingia mlangoni, kwa shilingi 700. Tumenunua saa, hatukununua nyumba. Kwa hiyo tulimwambia kipi kitangulie: choo, kisha jiko, kisha sebule, na vyumba vya kulala ikiwa wakati ungalipo. Usipokuwepo, hatumwulizi. Mapazia na majungu ni mapatano mbali, kwa kazi: bei ya kila pazia na ya kila jungu hutajwa mapema, naye humaliza kwa wakati wake, hata akipenda kuigawa kwa siku mbili. Nguo za ndani kila mtu anafua zake. Kupiga pasi kanzu, kupanga makabati na kumshikilia mtoto havimo kabisa. Na siku ambayo nyumbani amebaki mwanamume peke yake, huwa hatumwiti.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Mwezi wa kwanza mmoja wetu, hatutamtaja, alikuwa akipitisha kidole juu ya rafu baada ya mama yule kuondoka. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi, na amesimulia kwamba hakuwahi kuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini ameacha lile. Sisi miezi miwili tu ilitushinda. Yako pia mambo anayoyafanya kinyume na tupendavyo: humwaga maji mengi sebuleni, na mito hupangwa anavyojua yeye. Mara mbili tumekaa tukajadili kama tumwambie. Habari ya maji tulimwambia kwa upole, kwa kuwa sakafu inateleza na mama yetu ni mzee, naye akaipokea. Habari ya mito tumeiacha.

Jumamosi iliyopita alimaliza sebule ikiwa saa sita kasoro dakika kumi. Alichungulia vyumbani, akatazama saa, akauliza kama aanze kimoja. Mama akamjibu kwamba dakika kumi ni za kunywa chai, akamwekea na mahamri mawili. Vile vipande vitatu vya sahani viko rafuni mahali pale pale. Mama ameviunganisha kwa gundi, na hataki mtu avisogeze.