Samaki wa ziwa ndani ya kioo: tuanze na nani?



Tangu tuweke sanduku la kioo katika chumba chetu cha mikutano hapa Rugenge, maswali yamekuwa mengi kuliko samaki. Watoto wameona kwenye simu picha za matumbawe, yale yanayocheza kama maua ndani ya maji, na wanauliza kwa nini letu halina. Jibu ni fupi: matumbawe ni wanyama wa maji ya chumvi, wako kwao Mombasa na Unguja. Sisi tuna samaki wa mawe. Watu wa Ujerumani na Marekani wanawanunua kwa bei kali na kuwafuga sebuleni, kwa sababu jamii zaidi ya 200 za samaki hawa hazipatikani popote duniani ila Tanganyika. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura, alitoa kitabu kinene juu yao mwaka 1989. Watoto wetu wao wanajua ndakala, mukeke na kuhe, yaani wale wanaofika kwenye sahani.

Mama mmoja alisimama mkutanoni akasema: samaki ni wa sufuria, kioo cha nini? Hatukumcheka. Bei ya ndakala sokoni tunaijua wote. Ndiyo maana pesa ya kioo ilitoka kwa waliotaka kuchangia, na likelemba haikuguswa. Lakini tulimjibu pia kwamba milima iliyo juu yetu inabaki uchi, na kila mvua udongo unateremka ziwani na kufunika mawe ambako samaki hawa wanakula na kutaga. Watafiti wameandika tangu miaka ya 1990 kwamba pwani iliyojaa tope ina jamii chache kuliko ile yenye maji meupe. Baada ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, kila mmoja wetu aliona rangi ya maji. Mtoto atalilia vipi kitu ambacho hajawahi kukiona?

Sasa, mpangilio. Mawe yanaingia kwanza, kabla ya mchanga, yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini. Samaki hawa wanachimba. Jiwe lililokalia mchanga litaanguka siku wakichimba chini yake, na linaweza kuvunja kioo au kumponda mama aliye kwenye mayai. Tunapanga mawe upande mmoja kwa rundo lenye nyufa nyingi, upande wa pili tunaacha mchanga mtupu, na juu ya mchanga huo tunaweka kombe za konokono, mdomo ukiangalia juu. Kombe ziwe nyingi kuliko samaki, na ziachane. Ukizikusanya pamoja, majirani watapigana kutwa nzima kama parsela mbili zisizo na mpaka.

Katika kombe anakaa brevis, samaki asiyezidi sentimita 6. Mume na mke wanaingia kombe moja. Huyu ndiye wa kuanza naye: anakula kidogo, hasumbui mtu, na mtoto anaweza kumtazama akijificha na kutoka. Kwenye mawe tunaweka Julidochromis marlieri, mwenye mabaka meusi ya miraba, dume na jike wanaolinda ufa mmoja. Jina lake linatokana na Georges Marlier, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha hapa hapa Uvira wakati wa Wabelgiji. Jozi moja ya hawa na jozi moja ya wale katika lita 100, basi. Tamaa ya kuongeza itakuja, ikatae.

Wengine walimtaka Tropheus kwa sababu ya rangi zake. Ni mzuri, na jike lake anabeba mayai na watoto mdomoni karibu mwezi mzima. Lakini anagombana sana, anataka wenzake wengi na nafasi kubwa, na ukimlisha nyama badala ya majani ya mawe anavimba tumbo na kufa. Si wa mwanzo.

Yupo pia brichardi, mwenye mkia wa nyuzi nyeupe. Kwake watoto wakubwa hawaondoki nyumbani. Wanabaki kulinda mayai na wadogo zao, wanafagia mchanga, wanafukuza adui. (Tulipoeleza hili, wenye mabinti wakubwa waliangaliana.) Shida ni kwamba ukoo huo ukikua unafukuza kila mtu mwingine ndani ya kioo kidogo. Tukimtaka, awe na sanduku lake peke yake.

Maji tunachota ziwani, kwa sababu ni magumu, na pH yake inakaribia 9. Ya mvua hayawafai. Kwa joto la Uvira hatuhitaji mashine ya kupasha. Umeme ndio tatizo: pampu ya hewa ikizimika usiku, wanaookoka ni wale walio wachache katika sanduku pana. Sanduku lenye mawe na maji likae wiki kadhaa kabla ya samaki wote kuingia. Kila wiki tunabadilisha sehemu moja ya tano ya maji. Chakula ni kidogo, kile kinachokwisha upesi, kwa sababu mabaki yanayooza ndani ya maji ya namna hii yanageuka sumu haraka. Sabuni isiguse kioo kamwe.

Na hili tunalisisitiza kwa sababu kipindupindu tunakifahamu: maji ya ziwa ndani ya kioo bado ni maji ya ziwa. Hakuna mtoto kuvuta mpira kwa mdomo wakati wa kumwaga maji, hakuna kuyatumia kikombe cha jikoni, na mikono inaoshwa kwa sabuni baadaye, mbali na sanduku.

Jumamosi hii tunahitaji bidoni nne za maji na mawe yaliyooshwa ya saizi ya ngumi mbili. Yule mama wa sufuria amesema ataleta bidoni moja.