Gharika Ilichukua Nyumba, Shule Ikanipa Watu

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mwanafunzi ambaye leo yuko darasani kwa mwili tu, na kwa ajili ya mwalimu anayemwona lakini hajui aanzie wapi kumsaidia. Nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Nilivuka kwa rehema za Mungu, na kwa sababu shule yetu ndogo iliwafungulia geti watu wa mtaani wenye ujuzi wa sanaa.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Sisi tulikuwa tunakaa bondeni, upande wa Magomeni. Tulitoka salama, lakini nyumba ilikwenda na kila kilichokuwamo: madaftari yangu ya kidato cha kwanza, sare, na cherehani ya mama, ambayo ndiyo ilikuwa ikitulisha. Mwanzoni mwa 2012 tukahamishiwa Mabwepande, nje kabisa kaskazini mwa jiji, pamoja na mamia ya familia nyingine. Maisha mapya tuliyaanzia kwenye hema.

Mama hakutaka nihame shule. Ikawa natoka alfajiri kungali giza, nagombania daladala, konda anapiga kelele mlangoni, "Denti wawili tu!" Wa tatu nilikuwa mimi. Nafika nimechelewa, nasimamishwa getini na wachelewaji, kisha nasinzia hadi mapumziko. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake ikaja michango ya mlinzi, ya madawati na ya mitihani. Mama, fundi asiye na cherehani, hakuwa na pa kuitoa. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshaacha shule. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia.

Wakati huo ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili alipoanzisha klabu ya sanaa. Shule haikuwa na mwalimu wa uchoraji wala wa muziki, hivyo alizunguka mtaani nyumba kwa nyumba akiuliza nani anajua nini. Akampata mzee mpiga ngoma aliyewahi kuzunguka na kikundi, na mzee mwingine mchoraji wa picha za Tingatinga aliyefanya kazi zake Msasani. Mkuu wa shule akatoa stoo iliyokuwa imejaa madawati mabovu. Kila Ijumaa baada ya vipindi, wazee wale wakawa wanakuja.

Siku ya kwanza nilipoingia nilimwamkia yule mchoraji, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Akaniwekea kipande cha hadibodi cha mraba na kopo la rangi ya mafuta, ile inayopakwa hata kwenye baiskeli. "Paka rangi ya chini. Usiache hata kona." Basi. Hakuniuliza habari za mafuriko. Rangi ile haikauki upesi. Ukiharakisha kuchora juu yake inachafuka yote. Kwa hiyo nilipaka, nikasubiri Ijumaa nyingine, nikapaka kingine. Picha yangu ya kwanza aliyoikubali ilikuwa ya kanga watatu. Madoadoa yao yanataka brashi nyembamba na mkono uliotulia, doa moja baada ya jingine. Nilishinda nimeinama hadi jua linazama, na nilipoinuka nikatambua kwamba mchana ule sikuwa nimeyawaza maji hata kidogo.

Akiwa anachora alitusimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akaanza kuchora mnamo 1968 bila kusomea popote, kwa rangi na hadibodi za dukani. Alipouawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa wachache. Hao ndio walioendelea, wakafundisha wengine, hadi chama chao cha ushirika kikaundwa mwaka 1990. "Asingemwonyesha mtu," mzee alisema, "ujuzi wake ungeishia kaburini."

Mlangoni pa stoo alikuwa anakaa mama lishe wa pale getini, akisubiri sahani zake. Ijumaa moja akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Mabwepande, mama."

"Mabwepande! Na unarudi saa hizi?"

Hakusema zaidi. Akamwomba mwalimu amwite mama yangu. Mama alikuja, wakazungumza watu wazima wenyewe, na tangu wiki ile nikawa nalala kwa mama lishe pamoja na binti zake, Jumatatu hadi Ijumaa. Angeniona wapi, kama geti lingekuwa limefungwa saa nane na nusu? Siku ya wazazi tuliuza picha zetu. Nusu ya fedha ikanunua rangi, nusu ikalipa michango ya tuliokuwa tunadaiwa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2014.

Sanaa haikuturudishia nyumba. Mvua za masika zikishika kasi, bado usingizi hunipaa. Lakini mtoto aliyepoteza kila kitu anahitaji watu wazima wanaomfahamu kwa jina, wanaogundua asipotokea, na ni vigumu kuwapata akiwa amekaa kimya nyuma ya darasa. Akishika brashi au ngoma karibu nao, wanamwona.

Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilishangilia ada ilipofutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, kwa kuwa naijua aibu ya kudaiwa. Hata hivyo, mtoto asiyedaiwa anaweza bado kuwa peke yake. Mkuu wa shule unayesoma haya, usisubiri kuletewa mwalimu wa sanaa ndipo uanze. Uliza mtaani kwako, toa chumba na Ijumaa moja. Nawe fundi, mchoraji, mpiga ngoma, usingoje kuitwa. Nenda ofisini kwa mkuu wa shule iliyo karibu nawe, jitambulishe, sema unachokijua. Yuko mtoto pale anayekuhitaji muhula huu huu.